Hukumu ya Jioni Moja

Kuhukumu ni kazi nzito, ndiyo maana watu wenye busara wameizungushia ua wa taratibu. Kadhi hasemi neno la mwisho kabla ya kusikiliza mashahidi. Mshtakiwa hupewa nafasi ya kujitetea. Na hata baada ya hukumu kusomwa, mlango wa rufani huachwa wazi. Walakini iko mahakama moja isiyo na ua wala mlango. Huketi kandokando ya kiwanja cha mpira, na siku hizi huketi zaidi mbele ya televisheni. Mahakimu wake hawaapishwi wala hawalipwi, na hukumu zao hazina rufani. Mimi ni mmoja wao. Nimewahi kutoa katika mahakama hiyo hukumu ambayo mpaka leo hainipi raha, nami nataka kuirudia hapa, kama mwanafunzi anavyorudia hesabu aliyoikosea, ili nione kosa liliingilia wapi.

Kwetu ni Nyamwaga, katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara: nchi ya mahindi, mihogo na migomba, si mbali na Nyamongo kunakochimbwa dhahabu. Wenyeji wake wengi ni Wakurya, watu wapendao ng'ombe na wasemao maneno yao waziwazi. Kutoka huko mpaka Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000, lakini umbali huo haukuwazuia Yanga, walioanzishwa mwaka 1935, wala Simba, walioanzishwa mwaka 1936, kuingia katika nyumba zetu na kukaa humo kama ndugu. Mkoa wa Mara ulipata timu yake katika Ligi Kuu, Biashara United ya Musoma, iliyopanda mwaka 2018 na kushuka mwaka 2022. Tuliishangilia kwa moyo. Ila siku ilipokutana na mmoja wa wakubwa wale wawili, nyumba nyingi ziligawanyika. Baba yangu alikuwa Yanga, nami niliyarithi mapenzi hayo kama nilivyolirithi jina lake, bila kuulizwa.

Kila mwaka, kabla ya msimu kuanza, vilabu hivi hufanya sherehe. Simba wana Simba Day, iliyoanza mwaka 2009. Yanga wana Wiki ya Mwananchi. Muziki hupigwa, wachezaji wa zamani na wapya huitwa mmoja mmoja kwa majina yao, watu huwashangilia, na mwisho huchezwa mchezo wa kirafiki na klabu iliyoalikwa kutoka nchi nyingine. Watu huliita jambo lote hilo tamasha, na neno lenyewe latosha kutuonya: tamasha ni kitu cha kutazamwa. Lakini mshabiki aliyekaa majuma mengi bila mpira hatazami tu. Anapima. Hutaka kujua, kabla jua halijatua, kama mgeni aliyesajiliwa ni mali au ni hasara, na kama mwenyeji aliyechoka aachwe au abaki.

Mwezi wa Agosti 2022 nilikuwa nyumbani kwa likizo. Jumamosi ya tarehe 6 tulijaa katika banda moja la kuonyeshea mpira, watu wazima juu ya mabenchi ya mbao, watoto chini mbele yetu, vijana wamesimama mlangoni. Yanga walicheza na Vipers, mabingwa wa Uganda, wakafungwa mabao 2 kwa 0 katika sherehe yao wenyewe. Mahakama ikafunguliwa papo hapo. Mmoja alisema kiungo fulani ni mzito kama gunia la mahindi. Mwingine alisema beki fulani hajui kulia wala kushoto. Wa tatu, ambaye hakuwa amelipa hata kiingilio cha banda, alidai fedha za usajili zirudishwe. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu na kazi ya kuwafundisha vijana namna ya kupima ushahidi, nilisema kwa sauti ya kutosha kusikika kwamba msimu umekwisha kabla ya kuanza. Watu walitikisa vichwa kwa kunikubali, na nakiri kwamba nilifurahi kukubaliwa.

Kesho yake, Jumapili, ulikuwapo mchezo kwetu. Kombaini ya vijana wa vijiji vya jirani ilikuwa icheze na kombaini ya vijana wa upande wa Nyamongo. Msomaji asiyelijua neno hili na afahamu kwamba kombaini ni timu ya wateule: kila timu hutoa wachezaji wake walio bora, nao wakakusanywa wawe kitu kimoja. Ndivyo wanafunzi wetu wachaguliwavyo katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, kutoka shule hata wilaya, na kutoka wilaya hata mkoa. Mchezo wa Jumapili ile haukuwa na kikombe. Ulikuwa wa kufurahisha watu na kuwaonyesha vijana. Ila watu wa kamati walikuwa na karatasi mikononi, kwa kuwa baada ya siku chache walitakiwa kupeleka majina kwenye mashindano ya Tarime mjini, mashindano yenye kikomo cha umri.

Miongoni mwa wateule wetu alikuwamo kijana wa jirani yetu, ambaye jina lake sitalitaja. Katika timu ya kijiji chake alikuwa beki wa kati. Lakini katika kombaini walikuwapo mabeki wa kati wanne, naye alikuwa mdogo kuliko wote. Basi akaambiwa acheze mbele, upande wa kushoto, mahali ambapo hakuwahi kucheza, na mguu wake wa nguvu ni wa kulia. Je, nilizijua habari hizo? Nilizijua. Mama yake alikuwa amenieleza asubuhi ile ile tulipokutana njiani tukitoka kanisani. Lakini kulijua jambo na kulikumbuka kwa wakati wake ni mambo mawili mbalimbali.

Alicheza vibaya. Kila alipopokea mpira aligeuka kuutafutia mguu wa kulia, na kila alipogeuka mpinzani alikuwa amekwisha fika. Mara mbili aliupoteza mbele ya umati, na mara ya pili watoto walicheka. Wenzake, ambao hawakuwa wamefanya naye mazoezi hata siku moja, wakaacha kumpa mpira. Mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa amesimama karibu nami na kalamu yake, akaniinamia akauliza, "Mura, wewe umesoma hata ukavimaliza vitabu. Huyu unamwonaje?" Nikamjibu kwa maneno matatu: "Huyu hajui mpira." Mzee akaandika kitu katika karatasi yake.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kijana yule alicheza kwao, mbele ya mama yake na majirani zake, akatunzwa kicheko cha watoto na maneno yangu matatu. Jina lake halikwenda Tarime. Sidai kwamba neno langu peke yake ndilo lililomwangusha, maana kamati ilikuwa na macho yake. Lakini mtu aliyeongeza jiwe katika mzigo wa mwenzake hawezi kujitetea kwamba mzigo ule ulikuwa mzito tangu mwanzo.

Jumatatu ya tarehe 8, Simba nao wakafanya sherehe yao, wakawafunga St. George wa Ethiopia mabao 2 kwa 0. Banda likajaa furaha ya upande wa pili, nasi watu wa Yanga tukapita njiani tumeinamisha vichwa. Jumamosi ya tarehe 13 timu hizo mbili zikakutana katika mchezo wa Ngao ya Jamii. Simba walitangulia kufunga. Kisha, katika kipindi cha pili, Fiston Mayele akafunga mara mbili, na Yanga wakashinda mabao 2 kwa 1. Aliyependeza katika sherehe alishindwa, na aliyeaibika katika sherehe akaondoka na ngao. Vinywa vile vile vilivyodai fedha zirudishwe viliimba sifa mpaka usiku, na kinywa changu kilikuwa kimoja chao.

Kijana wa jirani alikuwa ameketi kando yangu, akishangilia kama sisi sote. Makelele yalipopungua nikamwambia, kwa uchangamfu wa mtu aliyesahau deni lake, "Umeona? Na juma lililopita tulisema hawajui mpira!" Akatabasamu, akajibu kwa adabu, bila kunitazama, "Ndiyo, Mwalimu. Wale walipewa juma jingine."

Hakusema zaidi, wala sidhani kwamba alikusudia kunichoma. Alitaja tu jambo lililokuwa wazi kwake. Nilikwenda nyumbani gizani nikiwa na maneno yake, na usiku ule nilianza kuitafuta ile hesabu.

Jibu la upesi ni kwamba mchezo wa maonyesho si ushahidi. Jibu hilo silikubali lote. Mchezo wa maonyesho ni ushahidi, ila ni ushahidi wa jambo jingine lisilokuwa lile tuliloliuliza. Kila mchezo ni swali. Mchezo wa ligi huwauliza wachezaji kama waweza kustahimili wakati ambapo kila kosa lina gharama. Mchezo wa maonyesho huwauliza kama waweza kupendeza. Wamarekani wana desturi ya kuwakusanya nyota wao wa mpira wa kikapu mara moja kila mwaka wacheze kwa furaha ya watazamaji, nao wametupa mfano ulio dhahiri. Mwezi wa Februari 2024, mjini Indianapolis, nyota wa Mashariki waliwashinda nyota wa Magharibi kwa pointi 211 kwa 186. Hesabu kubwa namna hiyo yasema yenyewe kwamba siku ile hakuna aliyezuia, wala hakuna aliyetakiwa kuzuia. Mchezaji ambaye sifa yake yote ni kuzuia angesimama pale kama mvuvi jangwani, na mtazamaji mwenye haraka angesema kwamba hajui kazi yake.

Tena kuna shida ya beki mwenyewe. Jicho la mtazamaji huhesabu mambo yaliyotokea: bao, chenga, pasi iliyopita kati ya watu wawili. Kazi ya beki ni kuyafanya mambo yasitokee. Akisimama mahali panapofaa, mpira hauji. Na mpira usipokuja, hatumwoni. Huonekana siku ile tu aliyokosea. Kwa hiyo hata angechezeshwa mahali pake, kijana yule angekuwa na mashahidi wachache. Na alipoondolewa mahali pake alinyang'anywa hata hao wachache.

Shida ya tatu ni ya kombaini yenyewe. Husemwa kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mbao zilizo bora kuliko zote, zikitupwa pamoja ufukoni, si jahazi. Zataka kupimwa, kuchongwa na kupigiliwa, na kazi hiyo huchukua siku. Timu ya wateule waliokutana asubuhi ni mbao njema juu ya mchanga. Ubao mmoja ukionekana umekaa upande, hatujui bado kama ni mbovu au kama haujapata mahali pake.

Hata hivyo sitaki kumdharau mshabiki, kwa kuwa kumdharau yeye ni kujidharau mwenyewe. Mtu wa Nyamwaga hawezi kwenda uwanjani kila Jumamosi kutazama mazoezi. Hupata dirisha dogo, naye hutazama kwa macho yote aliyo nayo. Haraka yake hutokana na mapenzi. Wala si kweli kwamba haoni kitu: katika jioni moja aweza kuona kama mchezaji ana afya, kama haogopi, kama mpira humtii anapougusa. Hayo ni mambo ya kweli. Kosa huanza anapoyachukua hayo machache akayatandaza juu ya msimu mzima, kama mtu aliyeonja chumvi akidai kwamba amekula chakula.

Tutazame yaliyotukia. Mwaka 2021 vilabu vyote viwili vilifungwa katika sherehe zao: Yanga walifungwa na Zanaco wa Zambia mabao 2 kwa 1, na Simba walifungwa na TP Mazembe bao 1 kwa 0. Dalili ilikuwa moja kwa wote wawili. Basi Yanga wakautwaa ubingwa wa msimu ule bila kupoteza hata mchezo mmoja wa ligi, na Simba wakaupoteza ubingwa waliokuwa wameushika miaka minne mfululizo. Mwaka 2022 ndio ule niliousimulia. Yanga wale niliosema kwamba msimu wao umekwisha waliutwaa tena ubingwa wa ligi, wakatwaa na kombe la shirikisho la nchini, wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023. Huko walitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na USM Alger kwa michezo miwili, wakakosa kikombe kwa kanuni ya bao la ugenini tu. Na Vipers, ambao tuliona haya kufungwa nao, waliwatoa TP Mazembe kwa mikwaju ya penalti baada ya miezi miwili tu, wakaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku ile bandani hakuna hata mmoja wetu aliyempima aliyetufunga. Tuliwapima wetu peke yao, kana kwamba walikuwa wakicheza na upepo.

Wazee wa kwetu wanaijua hekima hii barabara katika mambo ya ng'ombe. Mnadani, muuzaji mjanja humnywesha ng'ombe maji mengi asubuhi ili tumbo lijae. Mzee ajuaye halitazami tumbo. Humtazama ng'ombe akitembea, humshika ngozi, humfungua kinywa ayaone meno, kisha huuliza: ametoka zizi gani, mama yake alikuwa na maziwa kiasi gani, kiangazi kilichopita alikula nini? Huweza kuondoka bila kununua, akarudi mnada wa pili kumtazama tena. Mzee huyo huyo, jioni akiingia bandani, humhukumu binadamu kwa dakika 90. Basi ng'ombe hupewa uchunguzi ambao mtoto wa jirani hunyimwa.

Nami ni mzee wa namna hiyo katika kazi yangu. Kila mwaka huketi mezani na wenzangu, na mwanafunzi huja kusimama mbele yetu kwa nusu saa kueleza utafiti wake. Wako wenye ulimi mwepesi wanaopendeza, na wako wanaotetemeka hata karatasi ikasikika mkononi. Ni mara ngapi nimeandika kando ya jina la mtu neno moja la kumtukuza au la kumwangusha, kabla ya kuusoma ukurasa wa pili wa kazi yake? Sikuwa na ujasiri wa kuhesabu. Tangu mwaka ule nimejiwekea sheria ndogo: sitoi neno juu ya mwanafunzi mpaka niwe nimesoma alichokiandika alipokuwa peke yake, na mpaka niwe nimemsikia zaidi ya mara moja. Sheria hiyo inanichelewesha, na wenzangu hunilaumu kwa kuchelewa. Lawama hiyo naivumilia kuliko ile nyingine.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 14, nilikwenda kwa yule mzee wa kamati. Nilimweleza habari ya mguu wa kulia na ya mahali pa beki, nikamwomba alirudishe jina la kijana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Majina yamekwisha kwenda, mura. Na wewe ndiwe uliyesema." Nikanyamaza, kwa kuwa alisema kweli.

Mwaka uliofuata nilikwenda likizo tena, nikaitazama timu ya kijiji chake mara tatu kabla ya kufungua kinywa. Alicheza beki wa kati. Katika mchezo wa kwanza, kwa muda wa dakika 20 hivi, sikumwona kabisa, nikaanza kuudhika kwa ajili yake. Kisha nikamwona mshambuliaji wa timu ya pili akirudi nyuma mpaka nusu yake mwenyewe kuutafuta mpira, na hapo nikafahamu kwamba kule kutomwona ndiko kulikokuwa habari yake. Siku ya tatu mzee wa kamati alinijia akicheka, akauliza, "Sasa unamwonaje?" Nikamjibu, "Mwulize mshambuliaji wao."

Lakini umri wa mashindano ya Tarime ulikuwa umempita. Siku hizi huendesha pikipiki ya abiria, na siku za Jumapili huchezea timu ya kijiji. Tukikutana njiani huniambia, "Shikamoo, Mwalimu," nami humwitikia, "Marahaba," kisha humwuliza mchezo wao wa pili ni lini.